Walitaka Kumfuga Mtoto Wangu

Kiingereza changu nilikipata bandani mwa kuku. Sikukipata darasani, kwa kuwa baba hakuona faida ya msichana kukalia benchi wakati shamba la wimbi limejaa magugu. Lakini misheni iliyokuwa upande wetu wa Nyamira ilitafuta wasichana wa kazi, na mke wa mmishonari akanichagua mimi nimtunzie kuku wake. Hiyo ilikuwa miaka ya thelathini, kabla ya vita vikubwa vya pili, na mimi nilikuwa bado sijaolewa.

Kuku wale walikuwa weupe, wanene, wasiojua kujitafutia. Asubuhi niliwafungulia, nikawapa nafaka, nikaokota mayai na kukaa nao kuwafukuza mwewe. Jioni niliwafungia. Wageni wakija, yule mama aliwaleta mpaka kwenye ua, akanyoosha mkono na kusema kwa fahari, "I keep chickens." Aliyasema mara nyingi mno, hata leo nikiwa mzee nayasikia kwa sauti yake ile ya puani. Neno la kuku halikunisumbua, kwa sababu kuku wenyewe walikuwa mbele yetu. Hilo jingine, keep, nilijifunza kwa kutazama. Nikaona maana yake ni kufuga. Unampa mnyama chakula kizuri, unamfungia mlango, unachukua anachotaga, na siku ya wageni unamshika miguu na kumpeleka nyuma ya jiko. Nililielewa neno zima, pamoja na kisu chake.

Niliolewa mbali na kwetu, huku kwenye vilima vya Nyamache. Mume wangu alifanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho na alikuja nyumbani kwa nadra, kwa hiyo maisha yangu yalikuwa mimi na mama yake. Watoto wa boma walimwita magokoro, yaani bibi, nami nikafuata, maana mkazamwana hamwiti mama mkwe jina.

Magokoro alikuwa mtu wa kushuku. Jirani akimletea maziwa, alimtaka ayaonje yeye kwanza. Mtu akimsifu mtoto wetu kuwa mzuri, alitema mate pembeni na kumfunika mtoto, kwa kuogopa jicho. Watu walimcheka, ila mimi sikumcheka, kwa sababu aliwahi kunieleza habari za ndugu yake. Wakati wa vita vya kwanza askari walikuja na kumchukua kijana huyo akabebe mizigo. Waliwaambia wazazi kwamba wanamchukua kwa muda tu. Mama yao alimwekea chakula siku hiyo, na kesho yake, na mtondo. Hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema alikofia.

"Mtu akikwambia kwa muda," magokoro aliniambia, "mwulize muda huo unaishia wapi."

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa msichana. Alipokuwa ameanza kuzungumza vizuri, alitokwa na kidonda kwenye muundi. Magokoro alikiosha kwa maji ya majani aliyoyajua, na kikaonekana kupona, halafu kikafumuka tena. Kikachimba. Kikaanza kunuka. Mwishowe tulipokiosha tuliona kitu cheupe ndani, na magokoro akaacha kumwaga maji. Kisha akasema, "Mfunge mgongoni. Twende kwa hao watu wako."

Aliwaita watu wangu kwa sababu niliwahi kukaa kwao. Tulitembea, tukapita Masimba palipokuwa na maduka machache ya mabati, tukalala kwa jamaa zangu njiani, na siku ya pili tukafika hospitali ya misheni upande wa Nyamira. Haikuwa misheni ile ya kuku. Ilikuwa nyingine, yenye nyumba ndefu nyeupe na veranda ya saruji.

Aliyetupokea alikuwa sista wa Kizungu, muuguzi wala si mtawa, mwanamke mrefu asiye kijana tena, mwenye mikono myekundu kama mtu aliyetoka kufua. Pembeni yake alisimama msaidizi, dresa kama tulivyowaita, mtu wa kandokando ya ziwa ambaye hakujua lugha yetu ya Ekegusii. Tulizungumza naye kwa Kiswahili, chake kizuri, changu cha kuokoteza. Sista aliinama, akafungua majani tuliyoufungia mguu, akanusa kidonda. Hakukunja uso. Akamshika mwanangu kidevu, akamtazama kwa muda, kisha akamgeukia dresa na kusema sentensi fupi. Sikuelewa yote, lakini neno moja lilinipiga sikioni: keep.

"Anasema mtoto abaki hapa," dresa akaniambia.

"Abaki, au afugwe?"

Dresa akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua inaliwa. "Afugwe? Nani amesema kufuga?"

"Yeye. Nimesikia. Hilo neno nalijua."

Akacheka kidogo, halafu akaona sicheki. "Mama, amesema abaki atibiwe. Mguu huu hauponi kwa siku moja."

Nilimgeukia magokoro na kumweleza kwa lugha yetu. Sikumficha kitu. Nilimwambia dresa amesema kubaki, na mzungu mwenyewe amesema kufuga, na kwamba mimi nilisikia kwa masikio yangu. Siku zile uvumi ulikuwa mwingi. Sokoni Nyamache watu walisimuliana kwamba kuna hospitali zinazonyonya damu, kwamba mgonjwa hupewa maziwa na mayai mpaka anenepe, kisha damu yake hutolewa ikapelekwa Ulaya kutengeneza dawa. Hakuna aliyekuwa amemwona aliyenyonywa, lakini kila mtu alimjua anayemjua.

Magokoro alisikiliza mpaka mwisho. Akautazama mguu wa mjukuu wake, akaitazama njia tuliyoijia. Kisha akateremsha kikapu chake na kuketi sakafuni, katikati ya veranda ile, miguu ameinyoosha.

"Mwambie sawa," akasema. "Lakini atatufuga sote."

Ikawa hivyo. Mimi niliruhusiwa kulala chini ya kitanda cha mtoto. Magokoro alipewa nafasi kwenye banda la jamaa za wagonjwa, ila mchana wote alikuwa verandani, karibu na dirisha letu. Chakula kikiletwa, nilikipitisha dirishani, yeye akaonja, akangoja, akameza mate, ndipo mtoto akala. Uji ulipoa kila siku kwa sababu ya kungoja huko. Asubuhi alimwita mtoto dirishani na kumbonyeza mkono juu ya kiwiko, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Anaongezeka," aliniambia kwa huzuni.

Kweli aliongezeka. Alipewa maziwa, alipewa yai. Alichomwa sindano matakoni mpaka akawa analia akisikia tu viatu vya sista. Siku moja walimtoboa kidole na kupaka damu kwenye kipande cha kioo. Magokoro alikuwa ameona yote kupitia dirisha. Alimzuia dresa mlangoni.

"Damu hiyo inakwenda wapi?"

Nikafasiri kwa Kiswahili. "Inakwenda kutazamwa," dresa akasema.

"Ina nini cha kutazamwa? Hayajawahi kuona damu, hayo macho yake?"

Dresa alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alichoka. "Mwambie bibi," akasema, "kwamba nikitaka damu, tone lile halitoshi hata kulisha kiroboto." Sikumfasiria magokoro hilo. Nilimwambia tu kwamba wanatafuta ugonjwa. Hakuniamini, na kusema kweli mimi mwenyewe sikujiamini.

Nikaanza kuliwinda lile neno. Nilikuwa na muda mwingi, na sista alilitumia mno. Akisafisha kidonda na mtoto akijitupa, alimwambia keep na neno jingine, naye akimshika mguu, nikaona maana yake ni kutulia. Akiuweka mguu juu ya mto alisema keep, nikaona ni kuacha kitu kilipo. Magokoro aliposogelea mlango wa chumba cha kupasulia, sista alimpungia mkono kwa ukali na kusema keep tena, na hapo maana ilikuwa kaa mbali. Sasa mimi nifikirie nini? Mfanyabiashara anayejiita jina hili Masimba, jina lile Kenyenya, na jingine tena Kisii mjini, hata kama hajaiba, unamshikia mfuko wako. Neno lenye sura nyingi namna hiyo nililiona hivyohivyo.

Kitanda cha pili alilala mama Mwislamu wa Kisii mjini, ambaye mumewe alikuwa na duka. Alikuwa amevunjika nyonga na hakuweza kuondoka, kwa hiyo macho yake ndiyo yalitembea. Alijua Kiswahili cha kuimba, akaniita mwanangu. Jioni moja aliniambia, "Mwanangu, wewe unatazama sindano. Mimi namtazama mwenye sindano. Yule sista zamu yake imeisha mchana. Mbona amerudi?"

Nikageuka. Sista alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mwanangu, bila kofia yake nyeupe, anamchana nywele kwa vidole. Mtoto hakulia tena. Alikuwa amemwegemea.

"Dawa haina haja ya kuchana nywele," yule mama akasema, akafumba macho yake.

Siku chache baadaye sista alimletea mwanasesere wa kitambaa, aliyeshonwa kwa mkono, mwenye macho ya vifungo. Mtoto alipomaliza kucheza alimrudishia, maana nyumbani tulimfunza kurudisha. Sista akamsukumia kifuani na kusema, "You can keep it." Mtoto akarudia, kwa sauti tamu ya kasuku, "Keep it!" na wote wawili wakacheka. Magokoro aliyekuwa dirishani hakucheka. Alitema mate.

Nilimfuata dresa nje. "Amesema nini? Kitambaa hakifugwi."

Dresa akasimama akafikiri. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kulipima neno lile. "Hapo," akasema, "maana yake kiwe chako. Usirudishe tena."

"Kwa siku zote?"

"Kwa siku zote."

Watu hudhani hofu inatoka kwa kutojua. Mimi siku ile nilijua zaidi, na ndipo nilipoogopa zaidi. Kufuga nilikuogopa, lakini kufuga kuna malisho na kuna ua. Unaweza kuruka ua. Kumbe neno lile ndani yake lilikuwa na kitu kisichorudishwa. Na ndilo neno alilolisema siku ya kwanza, kabla hajaijua hata sauti ya mwanangu, akiwa amemshika kidevu.

Kidonda kikafunga. Ngozi ikaja nyororo na nyekundu, mtoto akaanza kutembea akichechemea, kisha akikimbia. Kila nilipouliza siku ya kuondoka, jibu lilikuwa bado kidogo. Magokoro alianza kufunga kikapu chake kila asubuhi na kukifungua kila jioni.

Alasiri moja sista aliniita chumbani kwake. Alinipa kiti. Mwanamke Mzungu kunipa kiti na kikombe cha chai ilikuwa jambo la kutia shaka kuliko kisu, na sikukigusa kikombe. Dresa alisimama karibu na mlango. Sista alizungumza polepole, akitazama mikono yake ile myekundu. Neno likapita katikati, nikalisikia wazi.

Dresa akakohoa. "Anasema hana mtoto, na hatapata. Anasema wako ni mwerevu. Anaomba umwachie amlee, amsomeshe. Utakuja kumwona upendapo. Likizo atakuja kwenu."

"Amesema keep."

"Ndiyo, mama," dresa akasema, macho chini. "Mara hii amesema hilo."

Sijui niseme nini juu ya dakika zile. Ningependa kusema nilisimama nikakataa palepale kama simba jike. Sikusimama. Niliona meza yake, iliyojaa vitabu. Niliona mwanangu akisoma vitabu hivyo, amevaa viatu, hana habari ya magugu wala ya kuamrishwa na yeyote. Nikaona pia nyumba yangu isiyo na yeye, na mume wangu akitoka Kericho na kuuliza yuko wapi, nami nikisema, kwa muda tu. Neno hilo la muda ndilo lililoniinua kitini.

"Mtoto ana bibi yake," nikamwambia dresa. "Mwulizeni yeye."

Nilidhani magokoro atapiga kelele hospitali nzima isikie. Alikuja chumbani, akakataa kiti, akasikiliza nilipofasiri. Kisha akamtazama yule mwanamke kwa mara ya kwanza bila kukunja macho.

"Hana mume?"

"Hana, anasema."

"Mama yake yuko hai?"

"Alikufa."

"Ndugu?"

"Mmoja, mbali. Hawaonani."

"Sasa akifa, nani atamlilia?"

Dresa aliona haya kulifasiri hilo, lakini alilifasiri. Machozi yakamshuka sista bila sauti, na hakuyapangusa.

"Mwambie hivi," magokoro akasema. "Nilidhani unataka damu ya mtoto wangu. Nakuona unataka mtoto mwenyewe, na hilo nalielewa zaidi, lakini bado sikupi. Mtoto hatolewi kama mche wa mgomba. Nyumbani kwetu ni Nyamache. Ukitaka mtu wa kukulilia, njoo wewe."

Tuliondoka siku ileile. Sista alitupa kopo la marhamu, naye dresa akatusindikiza hadi barabarani. Njiani magokoro alinusa marhamu, akampaka mbwa mmoja mwenye upele huko tulikolala, na asubuhi alipomkuta mbwa angali hai ndipo akalihifadhi kopo. Mwanasesere alimbeba mwenyewe, ndani kabisa ya kikapu. Hakumtupa, na hakumpa mtoto mpaka tulipolipita daraja la mwisho.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote. Aliuliza tu, "Na wewe ulitaka kumpa?" Nikamwambia nilifikiri. Hakuniuliza tena, ila kwa muda mrefu alikuwa akiamka, akimkosa mtoto mlangoni, ananitazama kwanza mimi.

Lakini alimpeleka shule. Nadhani ni kwa sababu ya mambo hayo kwamba alikubali, wakati wenzake walikuwa bado wanapeleka wavulana tu. Mtoto alisoma karibu na nyumbani, akirudi kila jioni, na magokoro alikwenda kumlaki njiani hata mvua ikinyesha. Alipofika darasa la Kiingereza alikuja akitusomea maneno kando ya moto. Jioni moja akafika kwenye lile. Akaanza: keep ni kutunza siri, ni kushika ahadi, ni kuishika Sabato, ni kuendelea na safari, ni kuweka akiba. Alisoma kama mtoto anayekimbia mteremko.

Magokoro alimkatiza. "Na kufuga?"

"Ndiyo, magokoro, na kufuga pia."

"Mama yako hakukosea basi," akasema, akageuza obokima chunguni kwa nguvu, ule ugali wetu wa wimbi, hadi mwiko ukalia.

Miaka ya hamsini ilipokuwa imeingia, sista alikuja. Ilikuwa siku ya soko Nyamache, na gari lake dogo lilikwama kwenye tope chini ya kilima chetu. Habari zilitufikia kabla yake: Mzungu mwanamke anaulizia mtoto mwenye kovu mguuni. Akina mama wa boma waliwaita watoto wao ndani. Magokoro aliamka kutoka kwenye kivuli cha ghala, akaamuru wadogo wote wakajifiche migombani, akabaki na mwanangu peke yake, amemshika kifundo cha mkono.

Sista alipanda kilima akihema. Alikuwa amezeeka. Alisema anarudi kwao kabisa na kwamba amekuja kuaga. Mwanangu ndiye aliyefasiri, kwa Kiingereza cha shule, akisimama wima kama mbele ya mwalimu. Magokoro alitoa kiti, kiti chetu kimoja, akampa ndizi mbivu na maziwa ya mtindi, naye mgeni akala vyote bila kuuliza. Kisha akaomba kuuona mguu. Magokoro hakuuachia mkono wa mtoto, lakini aliusogeza mguu mbele. Sista alipiga magoti kwenye vumbi, akapitisha kidole juu ya kovu, kutoka juu mpaka chini.

Nilikuwa na swali. Nilikuwa nimelihifadhi miaka yote ile: siku ya kwanza, pale verandani, ulilitumia neno lako kwa maana gani? Je, ulimaanisha abaki apone, au moyo wako ulikuwa umekwisha kumchukua? Nilijua baadhi ya maneno ya kuuliza. Lakini majibu yangenijia kwa kinywa cha mwanangu, naye hakuwa ameambiwa kwamba aliwahi kuombwa. Nikamwongezea mgeni maziwa.

Alipoondoka alimshika mwanangu kidevu, vilevile kama zamani, kisha akashuka kilima. Vijana wa soko walilisukuma gari lake likatoka topeni. Magokoro alisimama juu ya njia, ameshika mkono wa mjukuu, akilisikiliza mpaka mlio wake ukapotea nyuma ya kilima. Hata hapo alingoja. Akaniuliza kama nasikia kitu, nikasema sisikii. Akaniuliza tena. Ndipo akageuka kuelekea migombani na kuwaita watoto, mmoja mmoja kwa jina, watoke waje wale.